Siku Nane na Mashua Juu ya Trela: Kutoka Essex hadi Maziwa ya Friesland

Kabla ya safari

Nilizaliwa Lamu, ambako mashua haihitaji magurudumu: hulala majini au hupumzika mchangani maji yakitoka, na mwenyewe huijongelea kwa miguu. Hapa Essex, mashariki mwa Uingereza, mashua yangu hukaa uani juu ya trela, na kila nikitaka kuelea lazima kwanza niwe dereva. Ni mashua ya aina ya Drascombe Lugger, iliyobuniwa na John Watkinson katika miaka ya 1960. Ina urefu wa mita 5.72, milingoti miwili, na tanga kuu lisilo na boriti upande wa chini, jambo lililonivutia tangu siku ya kwanza kwa sababu linanikumbusha matanga ya kwetu. Mlingoti mdogo wa nyuma mimi huuita galme, na mpwa wangu wa miaka 17, aliyezaliwa huku, amelizoea neno hilo.

Nilikusudia kumpeleka mpwa huyo Friesland, jimbo la kaskazini mwa Uholanzi ambalo maziwa yake yameunganishwa kwa mifereji kiasi kwamba mtu anaweza kutoka mji hadi mji kwa tanga. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni treni ya kubebea magari ipitayo chini ya bahari kati ya Folkestone na Calais, iliyoanza kazi mwaka 1994, ambayo huvuka kwa dakika 35. Trela za mashua hupokelewa humo, lakini ukishuka Calais bado una zaidi ya kilomita 400 za barabara kupitia Ubelgiji. Ya pili ni meli ya usiku kutoka Harwich hadi Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi. Harwich ni mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, na kutoka Hoek hadi maziwani ni kama kilomita 200 tu. Nilichagua meli, kwa kuwa kinachochoka katika safari ya namna hii ni magurudumu ya trela.

Nauli ya meli hukadiriwa kwa urefu na kimo cha msafara mzima, kwa hiyo nilishika utepe upande mmoja na mpwa wangu upande wa pili, tukapima kuanzia pua ya gari hadi ncha ya mwisho kabisa. Gari na trela vilikuwa mita 11.2, lakini mlingoti uliolazwa ulichomoza nyuma ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya mashua, kwa sentimita 60, na sentimita hizo nazo huchukua nafasi melini. Nililipia mita 12.

Kisha tulikwenda kwenye mizani ya malori. Trela isiyo na breki hairuhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo wake. Yetu ilifika kilo 640, tukiwa na hema, nanga, kamba na mtambo wa petroli wa nguvu za farasi tano. Uzito unaolalia kiungo cha gari nao nilitaka uwe kama kilo 50. Niliupima kwa mizani ya kupimia watu iliyowekwa chini ya shingo ya trela, na nikasogeza nanga mbele hadi ukafika. Mzigo ukilalia nyuma, trela huanza kutikisika kama mkia wa samaki, na mwendo ukizidi haizuiliki.

Nyaraka nilizofunga katika mfuko mmoja ni hizi: cheti cha usajili wa mashua katika daftari la vyombo vidogo la Uingereza, bima iliyoandikwa wazi kwamba inafika katika maji ya ndani ya Uholanzi, na risiti ya ununuzi inayoonyesha kwamba kodi ya ongezeko la thamani ililipwa Uingereza. Tangu Uingereza itoke katika Umoja wa Ulaya, mashua ya mtu anayeishi nje ya Umoja huingia kwa muda tu, usiozidi miezi 18, bila kutozwa kodi, na wakati wa kurudi inafaa uweze kuthibitisha kwamba ni ile ile iliyotoka. Cheti cha unahodha Uholanzi haikidai kwa chombo cha starehe kisichofika mita 15 na kisichoweza kuzidi kilomita 20 kwa saa, na chetu hakikaribii mwendo huo.

Siku ya kwanza: Ijumaa, Harwich

Dada yangu alituandalia sambusa za nyama, ikanibidi nimweleze kwa upole kwamba nyama na maziwa haviruhusiwi kuingizwa Umoja wa Ulaya na abiria kutoka Uingereza. Tulizila pale pale jikoni, na safarini tukachukua mahamri ya tui la nazi.

Tulifika bandarini saa tatu usiku. Afisa wa pale aliuliza kuhusu petroli na gesi. Tangi la mtambo nilikuwa nimelikausha na kidumu kilikuwa kitupu, na mtungi mdogo wa gesi ya kupikia niliutaja mwenyewe na kumwonyesha kwamba umefungwa. Nawashauri wenzangu wafanye hivyo, kwa kuwa Uholanzi kuna petroli ya kutosha na hakuna faida ya kuvuka bahari nayo.

Jambo la kuangalia wakati wa kupanda melini ni pembe ya daraja la kupandia. Gari linapokuwa limeinama juu na trela ingali chini, gurudumu dogo lililo shingoni mwa trela linaweza kugonga chuma. Nililipandisha hadi mwisho na kulikaza, kisha tukapanda taratibu nyuma ya malori. Meli ya njia hii ina urefu wa mita 240, na ndani ya tumbo lake mashua yetu ilionekana kama hori, yaani kimtumbwi. Niliweka gari katika gia, nikavuta breki ya mkono, nikazima king'ora cha wizi. Barabarani mzigo hurushwa juu na chini, lakini baharini huvutwa ubavuni polepole kwa saa nyingi. Kwa hiyo juu ya mikanda mitatu iliyokuwepo niliongeza kamba moja kila upande, kutoka katikati ya mashua hadi kwenye fremu ya trela. Meli ikishang'oa nanga, abiria haruhusiwi kurudi chini kwenye magari.

Meli iliondoka saa tano usiku. Safari za usiku humlazimu kila abiria kuwa na chumba, nasi tulilala vizuri, ingawa mimi niliamka mara mbili nikisikiliza chuma kinavyolia chini.

Siku ya pili: Jumamosi, Hoek van Holland hadi Heeg

Saa mbili asubuhi kwa saa za Uholanzi tulikuwa tumefika. Pasipoti zilipigwa mihuri, afisa akauliza mashua inakwenda wapi na itarudi lini, akatazama cheti cha usajili, akaturuhusu. Taa za mbele nilikuwa nimezibandika vibandiko ili zisiwapige machoni wanaokuja upande wa pili, kwa kuwa huku watu huendesha kulia. Anayevuta trela kama yetu hazidi kilomita 90 kwa saa katika barabara kuu, na mimi nilibaki kwenye 80.

Nina desturi ya kusimama baada ya kilomita 30 za kwanza na kuweka kiganja juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, upande mmoja kisha wa pili. Zote zilikuwa na uvuguvugu mmoja. Tulipita Rotterdam na Amsterdam, tukaingia Flevoland, nchi ambayo zamani ilikuwa sakafu ya bahari ya Zuiderzee. Mwaka 1932 Waholanzi waliiziba bahari hiyo kwa boma la kilomita 32 liitwalo Afsluitdijk, wakakausha eneo baada ya eneo; upande wa mji wa Lelystad ulikauka mwaka 1957. Mashamba ni bapa kama meza, na barabara inapita chini ya usawa wa bahari.

Mbele kidogo ya Lelystad tulisimama tena. Mpwa wangu alishuka wa kwanza, akagusa upande wa kushoto, akaondoa mkono upesi.

"Mjomba, hii haishikiki."

Habu ya kulia ilikuwa vuguvugu. Ya kushoto ilikuwa ya moto kiasi kwamba tone la maji nililolidondosha lilichezacheza na kukauka. Tulijivuta hadi mwisho wa eneo la kupumzikia, tukaitoa trela kwenye msururu wa magari, tukaweka jeki. Gurudumu lilipoinuka nililishika juu na chini nikalitikisa, na lilicheza. Tulisubiri lipoe kabisa. Nilipong'oa kifuniko kwa bisibisi, grisi iliyotoka haikuwa ya kahawia wala nyeusi: ilikuwa nyeupe, nyepesi, kama tui la pili. Hiyo ni grisi iliyochanganyika na maji. Nilitoa pini, nikafungua nati, nikaivuta beringi ya nje kiganjani. Vijiti vyake vilikuwa na madoa ya kutu, na kimoja kilikuwa kimeanza kuliwa. Sili ya nyuma, ile pete ya mpira inayozuia maji, ilikuwa imepasuka ukingoni, na mpira wake ulikuwa mgumu wa kizamani.

Majira ya kuchipua nilimlipa fundi abadilishe beringi na sili za pande zote mbili. Sitamtaja. Upande wa kulia aliufanya; wa kushoto hakuugusa, na mimi sikuufungua kuhakikisha. Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe: mwezi Mei, baada ya mwendo mrefu wa barabara, niliirudisha trela moja kwa moja majini. Habu ya moto ikizama ghafla katika maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa, na kama sili ni mbovu huvuta maji. Kuanzia hapo kutu huanza kazi, na kilomita mia chache zinatosha kuimaliza beringi.

Nilikuwa na beringi mbili za akiba, sili, pini na kopo la grisi katika sanduku chini ya benchi la mashua. Mpwa wangu alisafisha habu kwa kitambaa hadi chuma kikang'aa, nikamwonyesha jinsi ya kuisindilia grisi kwa kiganja ndani ya beringi mpaka ichomoze upande wa pili. Nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa, kisha hulegezwa kidogo, kwa sababu beringi iliyobanwa mno huungua nayo. Kazi ilituchukua muda wa saa mbili kasoro, magoti yakiwa juu ya nchi iliyokuwa bahari.

Tulifika Heeg, mji mdogo wa kando ya ziwa huko Friesland, jioni. Maji yalikuwa hatua chache tu, na mpwa wangu alitamani sana tushushe mashua, lakini nilikataa. Magurudumu yalale yapoe kwanza.

Siku ya tatu: Jumapili, Heeg

Asubuhi tulilipia mteremko wa kushushia mashua na mahali pa kuegesha trela. Tuliondoa ubao wa taa usilowe, tukaziba tundu la kutolea maji (ni jambo dogo, lakini limezamisha mashua nyingi), tukafungua mikanda yote isipokuwa waya wa winchi, nami nikarudi nyuma kidogo kidogo huku mpwa wangu akishika kamba ya omo, yaani pua ya mashua. Nilisimama mara tezi ilipoanza kuelea. Mashua kama hii ni nyepesi, na husukumwa kutoka kwenye trela bila ya kuzamisha habu nzima.

Milingoti yote tuliisimamisha kwa mikono katika muda usiozidi robo saa, na saa nne tulikuwa tumepandisha matanga katika ziwa la Heegermeer. Upepo ulikuwa wa kusini magharibi, wa wastani. Maziwa haya ni ya kina kifupi, sehemu nyingi hayazidi kimo cha mtu mrefu, lakini mashua yetu, ubao wa mkuku (ule unaoteremshwa majini chini ya mashua) ukipandishwa, huhitaji sentimita 25 tu za maji, kwa hiyo tulikwenda hadi kwenye matete.

Mji huu mdogo una historia inayotuhusu sisi tuliotoka upande wa Uingereza. Kwa vizazi vingi wanaume wa Heeg walivusha mikunga hai hadi London katika mashua zilizokuwa na sanduku la maji katikati, ubao wake umetobolewa ili maji ya bahari yapite na samaki wapumue. Zilitia nanga katika mto Thames karibu na soko la Billingsgate, na biashara hiyo ilidumu hadi mwaka 1938. Walivuka bahari ile ile tuliyoivuka sisi tukiwa vitandani, wao wakiwa na tanga na mzigo usiotakiwa kufa njiani. Nilimsimulia mpwa wangu tukiwa joshini, yaani ubavu unaopigwa na upepo, naye aliuliza swali la kibaharia hasa: upepo ukikata, mikunga ilifanywaje? Maji yasipopita vizuri samaki hufa, kwa hiyo hapana shaka manahodha wale waliuangalia upepo kwa roho mkononi.

Usiku tulifunga kwenye gati la taasisi ya Marrekrite, ambayo tangu mwaka 1957 imeweka magati ya bure kandokando ya maziwa ya Friesland. Mtu huruhusiwa kukaa siku tatu mfululizo mahali pamoja. Tulitandaza hema juu ya mashua, tukapika wali, tukalala kwenye mbao za sakafu.

Siku ya nne: Jumatatu, Woudsend na Sloten

Kutoka Heegermeer mfereji unaingia Woudsend, mji wenye vinu viwili vya upepo, kisha unateremka hadi ziwa la Slotermeer. Hapa ndipo tulipojifunza madaraja. Taa nyekundu peke yake ina maana ya kusubiri. Nyekundu na kijani pamoja, daraja linajiandaa kufunguka. Nyekundu mbili, moja juu ya nyingine, hakuna mtu wa kulifungua wakati huo. Tungeweza kulaza mlingoti na kupita chini, lakini mpwa wangu alitaka kuona barabara ikiinuka, na tulikuwa na wakati.

Mlinzi wa daraja aliteremsha kiatu cha mti kilichofungwa kwenye kamba ya mwanzi wa kuvulia samaki. Ndivyo ushuru wa daraja unavyokusanywa katika miji ya zamani ya huku. Kiatu kilipita juu ya galme, kikayumba mbele ya uso wa mpwa wangu, naye akaweka sarafu ndani bila ya mashua kusimama. Mlinzi alikivuta juu, akatupungia mkono, na malori yaliyokuwa yakisubiri hayakupiga honi hata moja.

Sloten ni mji mdogo kuliko yote katika miji 11 ya kihistoria ya Friesland: mfereji mmoja katikati, miti pande zote, nyumba za matofali zilizobanana kama za mitaa ya Lamu, na kwa utulivu wake nilijisikia nyumbani kuliko nilivyotarajia. Tulinunua jibini tukijua kwamba lazima liishe huku huku, kwa kuwa tangu Aprili 2025 Uingereza nayo imezuia abiria kuingiza nyama na bidhaa za maziwa kutoka Umoja wa Ulaya, kwa hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo.

Siku ya tano: Jumanne

Mvua kutwa. Tulisoma, tulikausha nguo, tulikula jibini.

Siku ya sita: Jumatano, Koevordermeer

Upepo ulirudi kwa nguvu. Nilipunguza tanga kuu mapema, nikaacha galme na tanga la mbele, na mashua ikatulia. Tulirudi Woudsend, kisha tukageukia mashariki hadi Koevordermeer, ambako hupita Prinses Margrietkanaal, njia kuu ya meli za mizigo. Sheria ya huko iko wazi: chombo kisichofika mita 20 ni chombo kidogo, na kidogo hukipisha kikubwa, kiwe na tanga au kisiwe nalo. Meli moja ya mchanga ilitujia ikiwa imezama kwa mzigo hadi karibu na ukingo. Nilimpa mpwa wangu usukani, nikamwambia ashike upande wa kulia kabisa, nje ya maboya, na asibadilishe nia. Alishika. Meli ilipita, mkondo wake ukatuvuta kidogo kisha ukatuachia, na nahodha wake akainua mkono.

"Mjomba, nilidhani itatumeza," aliniambia baadaye. Nilimjibu kwamba aliyeogopa na bado akashika njia yake ndiye ninayemtaka kwenye usukani.

Siku ya saba: Alhamisi, kurudi Hoek

Tuliitoa mashua Heeg asubuhi, tukiwa na siku nzima mbele yetu. Kabla ya kuondoka tuliikagua na kuiosha kwa maji safi, pamoja na fremu ya trela, nanga, kamba na ala ya ubao wa mkuku, ambamo majani hujificha. Si usafi wa kujionyesha. Kuna uduvi mkali wa asili ya maeneo ya Bahari Nyeusi, Dikerogammarus villosus, aliyeenea katika mito ya Ulaya na kuonekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2010 katika bwawa la Grafham Water. Huua wadudu wa majini wa asili, na husafiri kwa vyombo na zana zenye unyevu. Kila uzi wa majani tuliuacha pale pale ulipotoka.

Barabarani nilisimama mara nne. Mara zote mpwa wangu alishuka na kugusa habu kabla yangu.

Siku ya nane: Ijumaa, Harwich

Meli ya usiku ilitufikisha alfajiri. Afisa wa forodha aliomba risiti ya mashua na cheti, akalinganisha namba iliyoandikwa kwenye tezi, akaturejeshea karatasi. Nyumbani tulifungua hema na matanga yote juani, tukaacha vifuniko vya mashua wazi ili kila pembe ikauke.

Jioni, kabla ya kuitenganisha trela na gari, nilifungua kifuniko cha habu ya kushoto. Grisi ilikuwa ya kahawia, nzito, bila tone la maji. Nilimwita mpwa wangu aione, naye akaichukua kidogo kwa ncha ya kidole, akaisugua, akarudisha kifuniko mwenyewe.